Rudisheni Jangwa, Rudisheni Mwizi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Isevya, Tabora. Mwaka juzi mgeni mmoja alifikia kwetu akiwa na mchezo wa mezani uitwao Catan. Tukaucheza mwezi mzima, kisha akaondoka nao. Tukaamua kutengeneza wa kwetu kwa boksi na manila, wa watu wanaoanzisha makazi Unyanyembe, nchi hii yetu ya Tabora, enzi za misafara. Tukaona tuuboreshe kidogo. Jangwa tumelitoa, mahali pake tumeweka shamba la tano la mahindi. Mwizi tumemtoa kwa sababu alikuwa analeta ugomvi, na ikitoka 7 kila mtu anachukua karata moja ya bure benki. Benki yetu inabadilisha 2 kwa 1 badala ya 4 kwa 1. Namba 6 na 8 tumezikusanya katikati ili bao lipendeze. Anayeanza anaweka nyumba zake mbili zote, halafu anafuata wa pili. Sasa mchezo unaisha haraka, watu hawaongei, na anayeanza ndiye anayeshinda karibu kila siku. Wawili wameshasusa. Tumekosea wapi? Na je, tunaweza kucheza watano?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kabla ya kukujibu nilichora bao lenu kama ulivyolieleza, nikakaa na wanangu wawili na jirani mmoja hapa kwangu Mwanga, Kigoma, tukalicheza. Dakika 40 tukawa tumemaliza. Aliyeanza alishinda, na jirani yangu, mtu ambaye kwenye drafti hanyamazi, hakusema neno hata moja. Kwa hiyo unachokisema nimekiona kwa macho.

Mabadiliko yenu ni matano ila kosa ni moja. Karibu kila mlipogusa, mligusa ili mchezaji asipungukiwe. Mmemwongezea mahindi, mmempa karata ya bure, mmemlegezea benki, mmemfukuzia mwizi. Nia ni njema, na mimi bao langu la kwanza nililiharibu kwa njia hiyo hiyo, nilikuwa nalitengenezea watoto wa darasa langu nikawaonea huruma. Lakini mchezo huu chakula chake ni upungufu. Mwenye kila kitu mkononi hana shida na jirani, na asiye na shida na jirani hafungui mdomo. Mezani kwenu hakuna anayemhitaji mwenzake.

Kwa msomaji asiyeujua: Catan ilitungwa na Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno, ikatoka 1995 na mwaka huo huo ikachukua Spiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo ya mezani kule Ujerumani. Teuber alifariki 2023. Mezani kunapangwa kisiwa cha vigae 19 vya pembesita: misitu 4, malisho ya kondoo 4, mashamba ya ngano 4, vilima vya udongo wa matofali 3, milima ya mawe ya madini 3, na jangwa 1, ambapo mwanzoni hukaa mwizi, kigingi kinachozuia kigae kuzaa. Kila kigae, isipokuwa jangwa, kina namba. Dadu mbili zikirushwa, kigae chenye namba iliyotoka kinazaa, na kila mwenye nyumba kwenye kona ya kigae hicho anachukua karata ya zao lake, hata kama si zamu yake. Kwa karata hizo unajenga njia, nyumba na miji, au unanunua karata za maendeleo. Nyumba ni pointi 1, mji pointi 2, na wa kwanza kufika pointi 10 ameshinda.

Nianze na namba, maana hapo ndipo anayeanza anapowamaliza.

Dadu mbili zina matokeo 36. Saba inapatikana kwa njia 6: moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, kisha hayo hayo ukibadilisha dadu. Sita ina njia 5, na nane pia. Tano na tisa zina njia 4 kila moja, nne na kumi 3, tatu na kumi na moja 2, na zile za pembeni kabisa, mbili na kumi na mbili, zina njia 1 tu. Kwenye mchezo wenyewe chini ya kila namba kuna vitone vinavyoonyesha idadi hiyo, na 6 na 8 zimeandikwa kwa wekundu. Kama mlichora kwa kumbukumbu, huenda vitone mliviacha. Virudisheni. Mtoto wa darasa la tano akihesabu vitone vya kona tatu au nne amejifunza jambo ambalo mimi hunichukua wiki nzima kumfundisha ubaoni.

Sasa tazama bao lenu. Zile 6 mbili na 8 mbili mmezikalisha pamoja katikati. Ipo kona ambapo vigae vitatu vya namba hizo vinakutana: 5 na 5 na 5, vitone 15. Anayeanza anaweka nyumba hapo, na yeyote angeweka. Sheria ya umbali inamkataza kona inayofuata, lakini akiruka moja anakuta kona nyingine yenye vigae viwili kati ya vile vile na kigae cha 5 au 9: vitone 14. Kwa kuwa mmemruhusu kuweka zote mbili kwa mkupuo, anaweka. Tayari ana vitone 29. Kwenye mchoro wangu wa nne alipofika alijitahidi sana akapata 15 kwa nyumba zote mbili. Dadu zikirushwa mara 60, yule wa kwanza atarajie karata kama 48 na huyu wa nne 25, kabla hata ya kujenga chochote. Hapo uwe hodari wa namna gani, umeshapigwa kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Mchezo wenyewe una kinga mbili dhidi ya jambo hili, na zote mbili mmezivunja. Ya kwanza: 6 na 8 hazigusani, wala 6 na 6, wala 8 na 8. Zikitenganishwa, kona bora kabisa inayowezekana ni ya vitone 13, yaani 6 au 8 moja ikikaa na mbili za njia 4. Kona za namna hiyo au zinazoikaribia zinasambaa bao zima, hata wa nne anakuta kitu. Ya pili: nyumba huwekwa kwa mzunguko wa kwenda na kurudi. Wa kwanza anaweka moja, wa pili moja, wa tatu moja, wa nne anaweka mbili mfululizo, kisha wanarudi nyuma, wa tatu, wa pili, na wa kwanza anamalizia. Aliyeokota kona nono mwanzoni anachukua masalia mwishoni. Wa nne, aliyesubiri kuliko wote, anapata nafasi ya kupanga nyumba mbili zinazosaidiana. Halafu ile nyumba ya pili ndiyo inayotoa karata za kuanzia, moja kwa kila kigae inachogusa, kwa hiyo hata kuiweka nyumba hiyo kuna fikra yake. Mimi nikiwa wa nne huwa nafurahi.

Mkirekebisha haya mawili peke yake, yule anayeshinda kila siku ataacha kushinda kila siku. Ila meza itabaki kimya, na ukimya ndio ugonjwa wenyewe. Sasa tuje benki.

Sheria ya Catan ni kwamba benki inakupa karata 1 unayotaka ukiipa 4 zinazofanana. Hiyo ni bei ya dhuluma, na iliwekwa makusudi iwe hivyo. Kati ya 1 na 4 kuna uwanja, na katika uwanja huo ndipo watu wanapopatana bei. Jirani akikuambia mbili kwa moja unalalamika, ila moyoni unajua benki ingekula nne. Mkishusha benki hadi mbili, ule uwanja umekwisha. Nani atambembeleza mwenzake ampunguzie hadi mbili, wakati benki haimbishii mtu, haimwonei wivu, wala haimuulizi anakwenda kujenga wapi?

Nikuonyeshe kinachopotea. Alikuja mezani kwetu mama mmoja anayeuza dagaa na mawese sokoni hapa Mwanga. Alimfuata mwanawe, akaketi pembeni, raundi mbili akitazama tu, kisha akaomba achezee nafasi ya mtu aliyeitwa nyumbani. Zamu ilikuwa ya kijana mmoja seremala aliyehitaji tofali moja afunge njia yake hadi pwani. Tofali zilikuwa kwa mama peke yake, alikuwa nazo mbili.

"Mama, nipe tofali nikupe kondoo."

"Kondoo ninao. Ngano."

"Moja?"

"Mbili."

"Mbili, mama? Tofali moja kwa ngano mbili?"

"Nenda benki."

Kijana akazitazama karata zake. Benki inataka nne, na yeye ana ngano tatu. Akanyamaza kidogo, akasogeza ngano mbili. Mama hakuzipokea. Akauliza kwanza: "Hiyo njia unaipitisha wapi?" Kijana akaonyesha kwa kidole. "Hapana. Pita upande huu wa msitu, kule usinizibe. Ukikubali, chukua." Akakubali. Ahadi ya namna hiyo haimfungi mtu kisheria, mchezo hauna polisi wa ahadi, lakini meza nzima ilikuwa imesikia na yeye aliitimiza. Raundi moja baadaye zamu ilikuwa ya mama, akamgeukia mwalimu mwenzangu: "Wewe una kondoo watatu. Nimewaona wakiingia na hujawatumia. Nipe mmoja." Kweli alikuwa nao watatu. Karata za mazao huingia mkononi mbele ya macho ya watu wote, na aliyezoea kukariri nani kachukua mkopo wa ndoo ngapi za dagaa hakupata shida kuzikumbuka.

Kwa benki yenu, yule seremala angetoa ngano mbili, akachukua tofali, akajenga njia alikotaka. Mama asingeulizwa neno. Angekaa na tofali zake mbili kama mtu aliyefungua kioski kwenye mtaa usiopita watu. Sheria moja tu mmeilegeza, na bei, ahadi, kumbukumbu na yale maulizo vimeondoka nayo.

Kumbuka pia kwamba biashara hufanywa na mwenye zamu tu. Wengine wanaweza kumwuzia au kununua kwake, ila hawawezi kuuziana wao kwa wao wakati yeye anasubiri. Kama hilo mlilisahau lirudisheni, maana ndilo linalofanya kila mtu aisikilize zamu ya mwenzake badala ya kwenda kuchungulia simu.

Tena benki ya 2 kwa 1 inaua bandari. Kisiwa kina bandari 9: nne za kubadilisha 3 kwa 1 zao lolote, na tano za 2 kwa 1, kila moja kwa zao moja. Mtu anajinyima, anajenga njia ndefu kwenda pwani kwa ajili ya hiyo 2 kwa 1. Kama kila mtu anayo bure tangu mwanzo, pwani haina maana. Kwenu Unyanyembe hakuna bahari, nakuelewa, lakini mna kitu kizuri zaidi. Tabora ilikuwa njia panda. Njia moja ikienda mashariki hadi Bagamoyo, nyingine magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Bandari zenu ziwe vituo vya njia hizo kwenye kingo za bao. Na msione haya kuweka kila kituo kikiwa na zao lake, kwa kuwa misafara iliishi hivyo hivyo. Shanga zilikuwa fedha, lakini shanga za rangi inayopendwa nchi hii zilikataliwa nchi ya pili, na kiongozi wa msafara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikwama na mzigo wake mzima. Soko la Ujiji nalo lilikuwa na shanga zake.

Shamba la tano la mahindi. Hili linaonekana dogo, ila litazame kwa makini. Njia inajengwa kwa mbao 1 na tofali 1. Nyumba: mbao, tofali, kondoo na ngano, moja moja. Mji: mawe 3 na ngano 2. Karata ya maendeleo: jiwe, kondoo na ngano. Kati ya vitu vinne, ngano inaingia katika vitatu. Mwenye ngano anafuatwa na kila mtu tangu mwanzo hadi mwisho, na mahindi yenu ndiyo ngano hiyo. Mkiongeza shamba moja mmemshushia huyo mtu bei bila yeye kukosea lolote.

Tofali na mawe vina vigae vitatu tu kila kimoja, na hapo ndipo ufundi wa Teuber unaponigusa zaidi. Upungufu unahama. Mwanzoni kila mtu anataka njia na nyumba, kwa hiyo tofali ni dhahabu, na mawe hayana mnunuzi. Katikati ya mchezo nafasi za kujenga zinaisha, tena kila mmoja ana nyumba 5 tu za kuweka, hivyo inabidi azigeuze kuwa miji. Hapo mawe yanapanda bei, na yule aliyejitajirisha kwa tofali anaanza kuzunguka meza akiwabembeleza watu wazichukue. Mchezaji mzuri anauza tofali wakati bado zinaliliwa. Ninyi mmeweka nini mahali pa mawe? Hukuniambia. Kama bado hamjaamua, wekeni chumvi ya Uvinza. Chemchemi zile za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi zilichemshwa kwa karne nyingi na chumvi yake ikasafiri mbali, na mji wa biashara kukua kwa chumvi ni jambo linaloingia akilini. Ila viwe vigae vitatu, visizidi.

Jangwa linarudi kwa sababu mwizi anahitaji pa kukaa mwanzoni, na kwa sababu kigae kisichozaa kinazifanya kona zinazokizunguka ziwe za bei nafuu, ili mtu apime.

Mwizi sasa. Najua hili ndilo gumu kwenu, kwa kuwa lilileta ugomvi. Saba inatoka mara 1 kati ya 6 kwa wastani, kuliko namba yoyote. Ikitoka, hakuna anayevuna. Mwenye karata zaidi ya 7 anatupa nusu. Aliyerusha anamhamisha mwizi kwenye kigae kingine, kigae hicho kinaacha kuzaa, na anachomoa karata moja kwa mmoja wa wenye nyumba hapo. Kazi zake ni mbili. Anawazuia watu kurundika karata, kwa hiyo wanalazimika kujenga au kuuza, yaani kusema. Tena anawapa wanaoachwa nyuma mkono wa kumvuta anayetangulia, maana mwizi hupelekwa kwenye kile kigae cha 6 au 8 kinachomnenepesha. Karata yenu ya bure kwa wote haimsaidii aliye nyuma, maana aliye mbele naye anapewa, na huyo wa mbele ndiye aliyebakiza karata moja amalize mji.

Ugomvi ninaoujua mimi hutokea saba inapotoka mapema na mtu ambaye bado hajafanya chochote akaibiwa karata yake ya pekee. Hapo mtu anaumia, na ana haki ya kuumia. Mezani kwetu tuna sheria ya nyongeza: mwenye pointi 2 tu, yaani zile nyumba zake za kuanzia, haguswi na mwizi. Akifika 3 ameingia ukubwani. Tangu tuiweke sijaona mtu akiinuka kwa hasira. Ijaribuni hiyo kabla ya kumfukuza mwizi kabisa.

Na ninyi watu wa Tabora mna jina bora kuliko mwizi, nalo ni hongo, kwa ile maana yake ya zamani: ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala ili upite nchi yake. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikuwa Tabora wakati huo, na ilimlazimu azungukie kusini ndipo afike Ujiji mwishoni mwa mwaka. Kigae kimoja kimezibwa, na bei ya kila kitu nyuma yake imebadilika. Msimwite Mirambo mwizi, tafadhali. Alikuwa mtawala akitetea haki ya nchi yake kutoza, na wajukuu wa watu wake ndio mtakaocheza nao. Kiteni kigingi, kiitwe kizuizi cha hongo, na karata ichomolewe kama ushuru. Hukunitajia karata za maendeleo, na nahisi mlizitoa pamoja na mwizi, maana katika karata 25, 14 ni za askari na kazi ya askari ni kumhamisha mwizi. Zirudisheni, na askari waiteni rugaruga, kama walivyoitwa wapiganaji wa Mirambo. Zilizobaki ni 5 za pointi, 2 za kujenga njia mbili bure, 2 za kuchukua mazao mawili benki, na 2 za kudai zao moja kutoka kwa wachezaji wote. Aliyetangulia kucheza askari watatu anapata pointi 2 za jeshi, na aliyetangulia kuunga njia tano mfululizo anapata pointi 2 za njia ndefu, hadi atokee wa kumpita. Hizo pointi zinazohama ni sehemu ya utamu, zisikosekane.

Kuna jambo hukuliuliza na siwezi kuliacha. Kisiwa cha Catan hakina mtu. Wachezaji wanafika, wanakata msitu, wanajenga, na hakuna wa kumwomba ruhusa. Kisiwa ni cha kubuni na kinaweza kuwa hivyo. Unyanyembe si ya kubuni. Ilikuwa na watu, mashamba, na watemi kama Fundikira na Isike, na Isike alikufa 1893 akipigana na Wajerumani waliotaka nchi hiyo hiyo. Mkichora bao lenye jina la Unyanyembe huku ardhi ikiwa tupu, mtakuwa mmewafuta babu zenu kwa kalamu zenu wenyewe. Dawa yake ni rahisi, tena inaweza kuponya na ile shida ya anayetangulia. Kila anayejenga nyumba mpya, zaidi ya zile mbili za kuanzia, aweke karata moja katika kapu la mtemi. Ikitoka 7, baada ya kizuizi kuhamishwa, mwenye pointi chache kuliko wote anachagua karata moja kutoka kwenye kapu, na wakilingana kapu linasubiri. Anayekua haraka analipa zaidi, aliye nyuma anainuliwa kidogo, na mtemi yupo mezani. Tumeicheza hivyo mara kadhaa nyumbani na naona inafaa, ila ninyi ndio mtakaoijua vizuri zaidi.

Na misafara ile ilibeba pia watu waliouzwa. Hilo lisigeuzwe karata ya kubadilishana na mbao. Wekeni wapagazi, maana Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo ya ujira, na walioifanya walikuwa na nguvu ya kupatana bei kuliko mfanyabiashara yeyote mwenye haraka.

Katika kurekebisha msibadilishe yote siku moja, hamtajua kipi kimeponya kipi. Juma la kwanza tenganisheni 6 na 8 na mweke nyumba kwa kwenda na kurudi. Juma la pili benki irudi 4 kwa 1 na vituo vya njia viwekwe. Kisha jangwa, kizuizi cha hongo na rugaruga kwa pamoja, kwa kuwa vinategemeana. Kapu la mtemi liwe la mwisho. Kila mchezo andikeni kwenye daftari nani alianza, nani alishinda, na biashara ngapi zilifanyika kati ya watu. Hiyo namba ya tatu ndiyo mimi ningeitazama kuliko zote. Mkiona inapanda, wale wawili waliosusa waiteni.

Kuhusu vifaa, karata za mazao ni 95, yaani 19 za kila zao, na manila inatosha. Namba ziandikeni juu ya vizibo vya soda, vinadumu na unaweza kuvichanganya upya kila mchezo. Njia ni njiti za kiberiti zilizopakwa rangi, 15 kwa kila mtu. Pembesita mchore kwa bikari: chora duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari tembeza ncha kwenye mzingo, itaingia mara sita kamili. Vigae vikitofautiana hata kidogo havitakaa pamoja, na nyumba zitaanguka mtu akigusa meza.

Watano haifai kwenye vigae 19. Mchezo huo ni wa watu 3 au 4, na kwa watu 5 na 6 kuna nyongeza yenye bao kubwa zaidi na karata zaidi. Mkibanana watano kwenye bao dogo, kuna mtu atazibwa pande zote ndani ya raundi nne, akae saa nzima akitazama wenzake. Huyo wa tano mpeni benki aishike. Agawe mazao namba ikitoka, apokee malipo, atunze kapu la mtemi na daftari. Mchezo ukiisha, aliyeshika mkia anampisha kiti na kuchukua benki. Yule mama wa dagaa alianza kwa kutazama, na hadi leo sijamshinda.